Dohani imeinama, imechubuka au haifanani na picha: kutafuta chanzo kwenye modeli ya meli ya mvuke

Jicho la mtu anayetazama modeli ya meli huanzia kwenye dohani. Atakusamehe nanga iliyokaa vibaya na mashua za kuokolea zisizolingana, lakini bomba la moshi likiegemea upande ataliona kabla hajapewa kiti. Na hicho ndicho kipande ambacho printa ya 3D ya nyumbani hukitia aibu kuliko vyote: kirefu, cha duara, uso mtupu, na mara nyingi hupakwa rangi inayong'aa ambayo haifichi kitu.

Maelezo haya ni ya anayechapa kwa printa ya uzi wa plastiki yenye nozo (pua inayotoa plastiki) ya milimita 0.4, tena kwenye baridi ya huku kwetu, awe Uyole, Tukuyu, Makambako au Mafinga. Meli ninayoifikiria zaidi ni Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, kisha ikaletwa kwa vipande hadi Kigoma. Ina urefu wa mita 71.4, kwa hiyo kwa skeli ya 1:100 inakuwa sentimita 71 na inakaa juu ya kabati. Kwa 1:50 inakaribia mita moja na nusu, na hapo itabidi uombe ruhusa ya mwenye nyumba. Dalili ni zilezile hata ukijenga Hermann von Wissmann ya Ziwa Nyasa, ile iliyoshambuliwa na Gwendolen ya Waingereza Agosti 1914 ikiwa Sphinxhafen, ambako leo ni Liuli.

Kasoro nyingi za dohani hujitokeza siku ya rangi, ila karibu zote zilikuwepo kabla ya rangi. Fundi anayezikimbilia na puti atapaka, atasugua, atapaka tena, na mwisho atakuwa na dohani nene yenye mabonde. Kwa hiyo rudi nyuma hatua kwa hatua: je, ni rangi? Kama si rangi, ni gundi? Kama si gundi, ni printa? Kama printa haina kosa, ni mchoro? Na mchoro ukiwa safi, itazame upya picha uliyoichora.

Kipimo cha kwanza kabla ya kugusa msasa

Chukua faili lako, lizungushe nyuzi 90 kwenye programu ya kukata matabaka, ulichape upya bila kubadili kitu kingine chochote. Weka alama ya kalamu upande uliokuwa unatazama mbele ya printa. Kasoro ikibaki upande uleule wa printa, mwenye kosa ni mashine: mkanda, puli au fremu. Ikizunguka pamoja na kipande, kosa limo ndani ya mchoro, na hutalitibu kwa kukaza skrubu hata moja.

Huhitaji kuchapa dohani nzima kwa ajili ya jaribio hili. Pete ya urefu wa sentimita moja inatosha, na plastiki inayotumika ni kidogo mno kuleta majuto. Nasisitiza bila kubadili kitu kingine. Ukipunguza mwendo, ukapandisha joto na ukakaza mkanda kwa pamoja, kisha mambo yakatengemaa, hujajifunza lolote, na siku yakiharibika tena utaanza upya.

Duara si duara

Hapa kuna magonjwa mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni pande bapa nyingi zinazolingana, zinazoonekana vizuri ukiishika dohani dhidi ya mwanga wa dirisha. Hilo ni la mchoro. Faili la STL, yaani lile unalolitoa kwenye programu ya kuchorea ili lichapwe, halijui duara. Linajua pembetatu tu, na duara lako limegeuzwa kuwa umbo la pande nyingi. Dohani ya kipenyo cha milimita 30 ikichorwa kwa pande 32, katikati ya kila upande uso umezama takriban milimita 0.07 ndani ya duara la kweli. Kwa kidole huwezi kuhisi. Kwa rangi inayong'aa unaona kila ubapa. Ongeza pande ziwe 128 na tofauti hiyo inashuka chini ya milimita 0.005, ambayo printa yenyewe haiwezi kuionyesha. Programu nyingi za kuchorea zina sehemu ya kuchagua ulaini wakati wa kutoa faili, na wengi huiacha kama ilivyokuja.

La pili ni ubapa sehemu nne tu, au duara lililogeuka yai. Hilo ni la mashine. Pima kwa vernia (kipimo chenye taya mbili) mara mbili, ukizungusha kipande nyuzi 90 kati ya kipimo na kipimo, kwa kufuata pande mbili ambazo printa husogea. Ukipata milimita 30.0 upande mmoja na 29.6 upande wa pili, mkanda mmoja umelegea, au skrubu ndogo inayobana puli kwenye ekseli ya mota imefunguka. Skrubu hiyo hufichwa na mota, na ndiyo inayosahaulika. Zungusha puli kwa mkono: ikicheza hata kidogo huku ekseli imetulia, umempata mwizi.

Kama dohani ya meli yako ni ya umbo la yai tangu asili, kama zilivyokuwa nyingi, fanya jaribio kwa pete ya duara kamili kwanza. Yai likiharibika utaliona ni yai bado.

Inaegemea

Simamisha dohani juu ya kipande cha kioo, si juu ya meza. Meza zetu nyingi za mbao zimepinda kuliko tunavyokubali. Weka skwea pembeni. Ikisimama sawa kwenye kioo na kuegemea ikiwa melini, acha kuisumbua dohani. Kosa liko kwenye sitaha. Ikiegemea hata kwenye kioo, tazama printa: nguzo zake mbili huenda hazijasimama wima dhidi ya kitanda, yaani bamba ambalo kipande huchapiwa juu yake. Fremu za bei nafuu hulegea kwa mtetemo, na ukizikaza upya kwa skwea tatizo huisha bila programu yoyote.

Sitaha ya meli haiko bapa. Hupanda kuelekea omo (mbele) na kuelekea tezi (nyuma), na katikati huinuka kidogo ili maji yamwagike pembeni. Dohani iliyokatwa kitako bapa ikiwekwa juu ya mnyumbuko huo itagusa sehemu mbili tu, halafu gundi itaivuta upande mmoja inapokauka. Chapa pete nyembamba ya kitako peke yake, iweke juu ya sitaha, ingiza karatasi ya msasa kati yake na sitaha huku msasa ukitazama juu, na usugue mpaka pete ikae. Kisha dohani iingie ndani ya pete. Pete hiyo ipo hata kwenye meli halisi, kwa hiyo hujamdanganya mtu.

Halafu kuna kulala kwa makusudi. Meli nyingi za mvuke zilikuwa na dohani iliyolala kidogo kuelekea tezi, pamoja na milingoti yake. Pembe hiyo hupimwa dhidi ya mstari wa maji, wala si dhidi ya sitaha. Ukiipima kwenye sitaha inayopanda, dohani itasimama sana au italala sana, na milingoti itakutia aibu kwa sababu haitakuwa sambamba nayo.

Mchoro wa dohani iliyolala una mtego wake. Ukiichapa ikiwa imelala, matabaka yatakata mwili kimshazari, na mistari yake itapingana na mikanda na maungio ya mabati ambayo kwenye meli halisi huzunguka kwa pembe mraba na mwili. Ichape ikiwa wima, na ule mkato wa mshazari wa kitako ubaki juu. Yaani, ipindue: mdomo uguse kitanda, kitako kiangalie dari. Hutahitaji nguzo za muda, na mdomo, ambao ndio watu wanauchungulia, utatoka bapa kabisa. Baadhi ya meli mdomo wake ulikatwa sambamba na maji badala ya pembe mraba na mwili. Hapo utalazimika kuukata baadaye kwa msasa, basi ongeza milimita mbili za akiba.

Mdomo umetanuka, mdomo ni mnene

Ukipindua dohani hivyo, tabaka la kwanza litakandamizwa kwenye kitanda na kutokeza nje. Dalili yake ni ukingo mkali unaokwaruza ukucha. Kwenye programu kuna fidia ya tabaka la kwanza. Anza na kupunguza milimita 0.15. Kama bado, nozo iko karibu mno na kitanda.

Unene ni habari nyingine. Bati la dohani halisi lilikuwa la milimita chache tu. Chukua milimita 6: kwa 1:100 hiyo ni milimita 0.06, na nozo yako haiwezi kuchora ukuta mwembamba kuliko upana wake. Usishindane nayo. Chora ukuta wa milimita 0.8 au 1.2, yaani njia mbili au tatu za nozo, halafu unyoe mdomo kwa ndani kwa kisu na msasa uliokunjwa kwenye penseli, mpaka ukingo unaoonekana ubaki kama wembe. Jicho huhukumu unene wote kwa ukingo ule mmoja. Ukuta wa milimita 1.0 ni chaguo baya: si njia mbili wala si tatu, na programu inaweza kuacha mwanya katikati ambao utaonekana kama ufa mrefu unapoanza kusugua.

Kuna hali ya kuchapa inayozungusha ukuta mmoja bila kukatika, kama tunavyochapa vyombo vya maua. Inavutia kwa sababu haina mshono. Kwa dohani sipendi. Ukuta huo hubonyea unapoushika wakati wa kusugua, na nyaya zikikazwa huuvuta ndani.

Na tafadhali usizibe juu. Dohani nyingi zilikuwa mabomba mawili, moja ndani ya jingine: la ndani likibeba moshi wa boila, la nje likilikinga, na nafasi ya hewa kati yake ikizuia joto lisiunguze rangi ya nje. Mtu akichungulia anatakiwa aone pete mbili na giza. Chapa bomba la ndani peke yake, lifupishe kidogo, na ndani pote pakae rangi nyeusi isiyong'aa kabla ya kuunganisha. Ukishaunganisha brashi haifiki.

Vipande vinabanduka kitandani

Mbeya mjini uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Njombe na Makete ni zaidi ya hapo. Mipangilio uliyoikuta kwenye printa ilifikiria chumba cha nyuzi 20 na kitu.

Dalili: kipande chenye urefu kinashika vizuri mwanzo, kisha usiku unasikia "tak" na kukikuta kimelala, printa ikifuma sufi hewani. PLA, plastiki ya kuchapia iliyozoeleka zaidi, inataka kitanda cha nyuzi 60 na dirisha lililofungwa. Mdomo wa dohani unagusa kitanda kwa pete nyembamba tu, kwa hiyo weka ukingo wa muda wa milimita 5 au 8 kuzunguka, utaukata baadaye. Funika printa nzima kwa boksi kubwa la katoni lenye tundu juu, lakini usilibane kabisa ukichapa PLA: uzi unaweza kulainika ndani ya njia yake kabla haujafika kwenye nozo na kuziba. ABS, plastiki nyingine ya kuchapia, bila boksi, katika baridi hii, usijaribu. Itapasuka kati ya matabaka katikati ya mwili.

Kioo cha kitanda kikiwa na mafuta ya vidole utapata dalili hiyohiyo hata Januari. Sabuni ya vyombo na maji ya moto. Huo ndio ugonjwa wa kwanza wa kuuondoa, na watu huuacha wa mwisho kwa sababu ni rahisi mno kuaminika.

Nyuzinyuzi, mapovu na mlio wa kupasuka

Sikiliza nozo. Ikitoa mlio kama chumvi iliyodondoka kwenye moto, uzi umelowa: maji yaliyomo ndani yanachemka yakipita kwenye joto la nyuzi 200. Uso wa dohani utakuwa na vitobo vidogo, na ndani yake kutatanda utando wa buibui. Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, roli iliyoachwa wazi juu ya meza haimalizi wiki nyingi ikiwa salama. PETG, aina ya tatu ya plastiki, hunywa maji haraka kuliko PLA.

Kausha kwa saa kadhaa: PLA kwenye nyuzi 45 hadi 50, PETG nyuzi 60 hadi 65. Oveni ya jikoni si ya kuaminiwa. Nyingi hupita joto unaloliweka, na PLA huanza kulainika karibu na nyuzi 60, roli nzima ikagandana. Njia isiyo na presha ni kuilaza roli juu ya kitanda cha printa chenyewe, kikiwa kwenye joto linalotakiwa, ukaifunika kwa lile boksi la katoni, na katikati ya muda ukaigeuza. Baada ya hapo ihifadhi kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vifuko hivyo huchoka navyo; mchele hauwezi kazi yao, uache uliwe.

Kama uzi ni mkavu na nyuzinyuzi bado zipo, punguza joto la nozo nyuzi 5 kwa 5, kisha ndipo uguse kipimo cha kurudisha uzi nyuma.

Mstari mmoja unaozunguka

Mstari mmoja tu, ulionyooka, katikati ya mwili, na juu yake kila kitu ni safi: umeme ulikatika. Printa nyingi huendelea zilipoishia, lakini kitanda kilipoa, kipande kikajikunja kidogo, na nozo ikaacha kidonge pale iliposimama. Hakuna mpangilio wa kuliondoa hilo. Dawa ni kuchora dohani kwa pete mbili au tatu badala ya moja ndefu, ukikata mahali ambapo meli halisi ina mkanda au ungio la bati. Kila pete huisha upesi, na umeme ukikatika unapoteza pete. Na ungio lako linafichwa na mkanda uliokuwepo hata hivyo. Acha nafasi ya milimita 0.2 kati ya vipande vinavyoingiana.

Kama baada ya mstari mwili wote umesogea upande, huo si umeme. Mkanda umeruka meno, au nozo iligonga kitu.

Kovu linalopanda kutoka chini hadi juu

Huo ni mshono, mahali ambapo kila tabaka huanza na kuishia. Hautoweki, unachagua tu ukae wapi. Ukiuacha programu iutawanye ovyo utapata chunusi mwili mzima, na chunusi hazisuguliki bila kuharibu duara. Upange uwe mstari mmoja. Meli za mvuke zilikuwa na bomba jembamba la mvuke lililopanda kando ya dohani, mara nyingi likiwa na honi juu. Angalia kwenye picha lilikuwa mbele au nyuma, elekeza mshono hapohapo, usugue kidogo, na ulifunike kwa bomba lenyewe ulilotengeneza kwa waya. Hii ndiyo hila ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa haigharimu kitu.

Waya huo nenda kwa fundi anayesuka mota. Mabaki ya waya wa shaba wa milimita 0.3 hadi 1 kwake ni takataka. Unyooshe kwa kuuviringisha kati ya vioo viwili.

Matabaka yanaonekana baada ya rangi

Kwanza chapa kwa tabaka la milimita 0.12, si 0.2. Kisha sugua kwa maji: msasa namba 240 hauhitajiki sana, anza 320, halafu 400, halafu praima, halafu 600. Kwa maji kwa sababu PLA ikipata joto la msuguano hulainika na kutoa manyoya badala ya vumbi. Zungusha dohani mkononi badala ya kupeleka msasa mbele na nyuma. Ukisugua kwa kwenda na kurudi unachonga bapa. Praima ya kijivu ya magari ndiyo itakayokuonyesha ukweli. Puti iende kwenye mashimo tu.

Matuta yanayojirudia kama mawimbi karibu na kona au karibu na tundu si matabaka. Ni mtetemo wa printa. Punguza mwendo wa ukuta wa nje na uhamishe printa kutoka kwenye kimeza kinachotikisika.

Mkanda wa rangi umepinda

Dohani nyingi zina sehemu ya juu nyeusi, ili masizi yasionekane, na baadhi zina mikanda ya rangi chini yake. Ukibandika tepu ya karatasi iliyonyooka kuzunguka dohani inayochongoka kuelekea juu, ncha mbili za tepu hazitakutana. Huo ndio ukweli wa kila umbo la pia (koni), na kuivuta tepu kwa nguvu kutaleta mikunjo ambayo rangi itapenya.

Ipindue tena dohani juu ya kioo, mdomo chini. Bandika penseli yenye ncha kali juu ya kitofali kwa kimo unachotaka, izungushe dohani ikiigusa, na utapata mstari ulio sawa pande zote. Kisha fuata mstari kwa tepu uliyoikata vipande vyembamba vya milimita 1 au 2, maana tepu nyembamba hukubali kupinda. Kabla ya rangi ya pili, pitisha tena rangi ya kwanza juu ya ukingo wa tepu: ikivuja, itavuja ile ambayo tayari ipo.

Rangi imepata ukungu mweupe, au imekunjamana

Ukungu wa maziwa juu ya rangi ya kupuliza ni unyevu. Thina inapokauka hupoza uso, na ukungu wa asubuhi hutua juu yake. Puliza mchana jua likiwa limetoka, na kopo uliloliweka kwanza kwenye maji ya vuguvugu, kamwe si ya moto. Ukungu mwepesi mara nyingine huondoka kwa kupuliza tabaka jembamba siku kavu.

Kukunjamana kama ngozi ya maziwa ya moto ni ugomvi wa rangi mbili: thina kali ya magari juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakauka hadi ndani. Hapo hakuna ujanja, ni kusugua hadi chini.

Doa jeupe likiwa limezunguka ungio tu, na lilikuwepo kabla ya rangi, ni mvuke wa supaglu. Umetumia nyingi, tena ndani ya bomba lisilopitisha hewa. Kwa maungio ya ndani tumia gundi ya mirija miwili.

Nyaya zinalegea, au zinapinda dohani

Nyaya za kushikilia dohani hutoka kwenye mkanda wa juu hadi sitahani. Uzi wa nailoni hulegea na kukaza hali ya hewa ikibadilika. Tumia ile shaba nyembamba. Tundu za milimita 0.5 usizichape, zitaziba. Chapa kibonyeo, kisha utoboe kwa mkono. Funga nyaya kwa jozi zinazotazamana, kushoto na kulia, hata siku moja usimalize upande mmoja kwanza. Na riveti, zile pini zinazounganisha mabati? Kichwa cha milimita 25 kwa 1:100 ni robo milimita, chini ya uwezo wa nozo. Ziache.

Haifanani na picha, ingawa vipimo ni sahihi

Basi picha ni ya mwaka mwingine. Goetzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, na miaka ya 1970 ikawekewa injini za dizeli. Ukichanganya sitaha ya picha moja na dohani ya nyingine utajenga meli ambayo haikuwahi kuwepo. Chagua mwaka, kisha utumie picha za wakati huo tu. Picha iliyopigwa kutoka gatini, chini, hupotosha kimo cha dohani. Tafuta ya ubavuni, iliyopigwa kwa mbali, na ukokotoe kwa kulinganisha na ile mita 71.4.

Ilikuwa sawa nyumbani, imelala safarini

PLA haiogopi Mbeya. Lakini ishushe Kyela, karibu mita 500 tu juu ya bahari, uiache ndani ya gari lililofungwa madirisha saa nane mchana, na dohani iliyovutwa na nyaya italala upande wenye waya uliokaza zaidi. Modeli itakayosafiri ichapiwe dohani ya PETG, ambayo huvumilia hadi kama nyuzi 80, kwa nozo ya nyuzi 230 hadi 250 na kitanda cha 70 hadi 80. Isafiri ndani ya boksi, chini ya kiti. Na ukitaka dohani itoe moshi kweli kutoka kwa boila ndogo au kifaa cha moshi, bomba la ndani lisiwe la plastiki yoyote: viringisha bati la kopo, liache bila kugusa ukuta wa nje popote, na lishikwe kwa chini tu, kwenye sitaha, kwa vipande vya bati.